Nilipima motere za ndege maisha yangu yote, lakini visi moja ya Mushaki bado inanisumbua

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni muzee wa Masisi. Kazi yangu ilikuwa kupima motere za ndege. Sikuwa piloti, na ndege sijaendesha hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na motere iliyotoka kutengenezwa, kuiwasha, kuisikiliza masaa na masaa, halafu kusema iko nzuri ao iko mbaya.

Humu jukwaani naona vijana munabishana juu ya ndege kila siku, ile ilianguka kwa sababu gani, hii ni salama kuliko ile. Ninasoma tu na kucheka peke yangu. Leo nimeamua niandike ya kwangu.

Naandika kwa kidole kimoja, munivumilie. Na nitasema vile yalivyokuwa, hata pale ambapo mimi njo nilikosa.

Kiswahili changu ni cha Kivu: tukisema njo ni ndio yenu, tukisema ao ni au. Wa Dar na wa Mombasa mutanisamehe.

Tuanze.

Nilizaliwa Mushaki, kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi. Wazazi wangu walikuwa wakulima, viazi na maharagwe, na ngombe wachache. Miaka ya arobaini, nikiwa mudogo, mama yangu alikuwa anauza viazi kando ya barabara pale kamio (malori) zinaposimama.

Kamio zote zilikuwa zinasimama Mushaki. Si kwa sababu ya viazi.

Sikilizeni hii vizuri, maana bila hii hamutaelewa kitu mbele.

Kutoka Sake kupanda Mushaki ni mulima mutupu. Kule juu hewa ni nyepesi, na motere inajikuta inakunywa mafuta mengi kuliko hewa inayopata. Inatoa moshi mweusi, inakohoa, haina nguvu. Mashofere wetu hawakusoma mambo ya hewa popote, lakini dawa walikuwa nayo: unasimama Mushaki, unafungua boneti, unakaza kidogo visi ya kabirateri (huko kwenu munasema skrubu ya kabureta). Moshi unakwisha, motere inatulia. Ukishuka kwenda Walikale, unasimama tena unailegeza.

Kila muntu wa Mushaki alijua. Mama zetu wa viazi, ambao hawajagusa usukani, wakiona moshi mweusi walikuwa wanamupigia shofere kelele: "Kaza visi, Papa, unatutia masizi kwenye viazi."

Mimi nilikulia katika hayo. Nilipenda motere kuliko ngombe za baba, na baba alijua, na hakufurahi.

Nilipofika umri wa kufanya kazi nilikwenda Kibabi, kwa muntu mmoja anaitwa Papa Anselme. Alikuwa anasimamia motere ya kinu cha kusaga mahindi. Kabila lake Muhunde, muntu wa kanisa, muntu wa kuimba. Yeye njo alinifundisha kusikiliza. Alikuwa anachukua kijiti kikavu, upande mmoja anauweka juu ya chuma, upande mwingine anauuma kwa meno, anafumba macho. Anakuambia: "Hapa ndani kuna kitu kinalegea." Munafungua, munakuta kweli.

Nilikaa naye miaka mitatu. Kijiti kile nilikitumia mpaka nikastaafu, hata pale tulipokuwa na mashine za kusoma kila kitu. Wenzangu walinicheka sana.

Miaka ya hamsini mwanzoni, kampuni moja ya madini (jina nitaliacha) ilileta ndege ndogo Walikale. Walikata uwanja ndani ya pori, karibu na Kibua. Ndege ile ilikuwa inabeba barua, dawa, vyombo, na wagonjwa wakati mwingine.

Lakini ateliye ya kutengeneza motere hawakuiweka Walikale. Waliiweka kwetu Mushaki. Fundi mukubwa, muzungu, aliogopa joto na homa ya kule chini. Tulikuwa tunamuita Mosiye (yaani Bwana) Koti, kwa sababu hata jua likiwaka alivaa koti lake la sufu. Motere ikichoka, inatolewa kwenye ndege, inapakiwa kwenye kamio, inapanda Mushaki. Tunaifungua yote, tunaisafisha, tunabadilisha vilivyokufa, tunaifunga, tunaipima, inarudi Kibua.

Mosiye Koti alimuajiri Papa Anselme awe capita wetu, yaani musimamizi. Papa Anselme akasema hatakuja bila mimi. Hivyo njo niliingia kwenye ndege. Nilibebwa na muntu.

Kitanda cha kupimia motere tulikijenga wenyewe, magogo manne ya mikaratusi yamezikwa ardhini kiasi cha mita moja na nusu. Motere inafungwa pale juu na elisi yake (panga la mbele), inawashwa masaa matatu. Mara ya kwanza ngombe za kilima kizima zilikimbia, na mama mmoja alikuja kusema maziwa yake yamepotea. Papa Anselme alipanga na wafugaji kwamba hatutawasha mpaka ngombe wakamuliwe. Tangu siku hiyo kila muntu alikuwa na amani, isipokuwa Mosiye Koti ambaye hakuelewa kwa nini motere ya ndege inangojea maziwa.

Niseme wazi: nilikuwa na furaha. Masaa matatu karibu na chuma kinachonguruma, hakuna muntu wa kunisemesha. Kazi nyingine watu wanafanya kwa kujilazimisha. Mimi nilikuwa naamka nikiikimbilia.

Sasa tufike kwenye kosa.

Motere moja ilitoka kufungwa. Mosiye Koti alikuwa na homa, hata koti halikumusaidia. Alitoka kitandani na blanketi, akaturekebishia kabirateri yeye mwenyewe, halafu akaniambia kwa Kiswahili chake: "Wewe washa. Saa tatu. Hapana gusa kitu. Umesikia? Hapana gusa."

Akarudi kulala. Papa Anselme alikuwa amekwenda Sake kuchukua mafuta. Nikabaki mimi.

Nikawasha. Moshi mweusi. Motere inakohoa, inatingisha magogo. Nikangoja nusu saa, nikidhani itatulia ikipata moto. Haikutulia.

Wakuu, muweke akilini ni muntu wa Mushaki anaangalia moshi mweusi. Mukono ulikwenda wenyewe. Nilikaza visi mzunguko mmoja na nusu. Moshi ukakatika palepale, sauti ikawa safi kabisa. Nikakaa chini, nikauma kijiti changu, nikasikiliza masaa yaliyobaki na roho yangu nyeupe.

Kichwani nilikuwa nimejipa na sababu. Nilijisemea: ndege inaenda juu. Kama motere inafanya vizuri huku juu kwetu, basi njo vizuri. Sikufikiri kwamba ndege kabla ya kwenda juu inaanzia chini.

Na Mosiye Koti alikuwa anajua. Aliacha moshi makusudi, kwa sababu alijua Kibua iko chini na kule ingekuwa sawa. Lakini hakunieleza. Wakati ule hawakuwa wanatueleza. Walikuwa wanasema gusa ao hapana gusa, basi.

Saa ya tatu alitoka na blanketi lake. Mungejiuliza, fundi mukubwa namna ile hakusikia kwamba motere imebadilika? Alikuwa amekunywa kinini, dawa ya malaria, siku nne. Anayekunywa kinini sana masikio yanamulilia muda wote. Aliangalia hakuna kitu kinachovuja, akaangalia saa ya mizunguko, akatabasamu. Akaandika kwenye kitabu, akafunga kabirateri kwa waya na muhuri wa risasi, ili muntu asiiguse tena.

Halafu akasema maneno ambayo nilikuwa nayangojea miaka. Kampuni ilikuwa na nafasi moja ya kumutuma mweusi shule ya mafundi wa ndege kule Leopoldville. Akaniambia motere hii ikiruka vizuri Kibua, ataandika jina langu.

Sikulala njaa siku ile, lakini chakula sikukisikia ladha. Nilikuwa Leopoldville tayari.

Mosiye Koti alikuwa bado mugonjwa, kwa hiyo tulitumwa mimi na Papa Anselme kuipeleka motere. Tukatoka asubuhi. Papa Anselme mbele na shofere, mimi nyuma juu ya sanduku la motere nikiilinda isigongwe. Tukapita Masisi, tukaanza kuteremka. Baridi ikapungua, migomba ikawa mingi, halafu pori.

Kwenye daraja moja shofere akasimama. Akashuka, akafungua boneti, akachukua bisibisi.

Nikamuuliza kutoka kule juu: "Kuna kitu kimeharibika?"

"Hapana. Ninalegeza visi. Tunashuka." Akaniangalia kama mujinga. "Wewe si muntu wa Mushaki?"

Niliangalia lile sanduku nililokalia na nikaelewa yote mara moja. Motere niliyoikaza kwa hewa nyepesi inakwenda kwenye hewa nzito. Itapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Itawaka moto kupita kiasi. Ndege ikiwa chini, motere inazunguka polepole, hautaona kitu. Lakini siku piloti ataipa nguvu zote ili aruke, pistoni itatoboka, na mbele ya uwanja wa Kibua hakuna kitu ila miti.

Ningeweza kusema palepale. Papa Anselme alikuwa mita mbili kutoka kwangu.

Sikusema. Nilifikiria Leopoldville.

Nikajiambia nitalegeza visi kwa siri tukifika. Lakini kulikuwa na ule muhuri. Mweusi kukata muhuri wa muzungu, wakati ule, ilikuwa gereza.

Kibua tulikaa siku mbili tukiifunga motere kwenye ndege. Wawindaji wa pale walituletea nyama ya moshi, walikaa wakitutazama. Mimi sikula. Papa Anselme akadhani nimeshikwa na homa, akanipa blanketi lake mwenyewe.

Piloti alikuwa muzungu kijana, amekaa Walikale muda, Kiswahili chake kizuri. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja: motere mupya ikiruka mara ya kwanza, mukubwa wa wale walioitengeneza anapanda pamoja naye. Alikuwa anasema inawafanya mafundi wakaze vizuri.

Mukubwa wetu alikuwa Papa Anselme.

Siku ya tatu asubuhi Papa Anselme alivaa shati lake la misa. Alikuwa na miaka karibu hamsini, ametengeneza motere tano za ile ndege, na kila mara Mosiye Koti njo alikuwa anapanda. Siku hiyo ilikuwa zamu yake. Aliingia akajifunga mukanda, akaanza kuimba polepole. Nilikuwa nasikia.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha elisi ili motere iwake, halafu kuondoa mbao mbili zinazozuia magurudumu.

Ikawaka. Piloti akaongeza nguvu kidogo, akasikiliza, akaridhika. Kwa sikio la kawaida ilikuwa nzuri sana. Lakini chini ya ile sauti mimi nilisikia kitu kingine, kama muntu anagongagonga sufuria kwa msumari. Ilikuwa imeanza.

Piloti akanipa ishara ya mukono: toa mbao.

Nikasimama mbele ya gurudumu. Akarudia ishara. Nikatikisa kichwa. Akafungua dirisha, hasira imemupanda.

"Toa mbao."

"Mosiye, zima motere. Mimi niligusa visi. Pale Mushaki niliikaza. Mukiruka mutakufa."

Alizima. Nikasikia Papa Anselme anakata wimbo wake katikati.

Piloti akashuka, akaniambia nitoe buji, yaani plagi. Nikatoa zote nne huku zinaniunguza vidole. Zilikuwa nyeupe kama mufupa, na moja ilikuwa na chembechembe za chuma kilichoyeyuka. Aliishika kwa kitambaa, akaitazama muda murefu. Halafu akaingia kwenye kibanda, akarudi na koleo, akakata muhuri yeye mwenyewe.

"Mizunguko mingapi?"

"Moja na nusu."

"Legeza."

Nikalegeza. Tulifungua motere upande wa ile buji mbaya, tukatazama pistoni, ilikuwa imeungua kidogo tu juu, haijatoboka. Mchana wakaruka. Papa Anselme alikaa huko juu dakika ishirini, akashuka, akasema tu kwamba miti ni mingi. Lakini alikuwa anacheka hata bila sababu.

Piloti akaniita pembeni. Akasema: "Kwenye kitabu nitaandika kwamba kabirateri ilikuwa imekazwa na nimeirekebisha. Jina sitaandika. Kwa Mosiye wako utasema wewe mwenyewe."

Nikamuahidi.

Ningependa uzi uishie hapa. Ukiishia hapa mimi niko muntu muzuri.

Tulirudi Mushaki na kile kitabu. Njiani kote nilikuwa napanga maneno. Mosiye Koti alikuwa amepona, ametuita kwenye chumba chake kidogo cha kuandikia, sote wawili tukasimama mbele ya meza. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake. Alikuwa ameshasoma. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu.

"Nani aligusa?"

Hakuna motere iliyokuwa inanguruma. Hakuna muntu aliyekuwa anakwenda kufa. Ilikuwa chumba kimya, meza, na karatasi moja ya Leopoldville ambayo niliiona pale pembeni, jina langu limeandikwa tayari.

Nikafungua mudomo. Nawaapia nilifungua.

Papa Anselme akasema: "Ni mimi, Mosiye. Nilizoea ile motere ya kinu."

Siku ile motere inapimwa Papa Anselme alikuwa Sake. Mosiye Koti angekumbuka kama angefikiri, maana yeye njo alimutuma. Hakufikiri. Akanigeukia, akaniuliza: "Ni kweli?"

Nikanyamaza.

Si kwamba nilidanganya. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliangalia sakafu mpaka akachoka kungoja.

Papa Anselme alifukuzwa siku ile ile. Kila mufanyakazi alikuwa na buku yake ya kazi, na kwenye buku yake waliandika kwamba hasikii amri na ni hatari kwenye mashine. Ukiwa na neno kama lile, hakuna muzungu wa kukupa hata kinu tena. Alirudi Kibabi kushika jembe.

Kabla hajaondoka nilimufuata barabarani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Kule Kibua uliniacha hai. Na mimi hakuna shule itanipokea na huu uzee. Wewe nenda." Halafu akaniambia nisisahau kijiti.

Nilikwenda Leopoldville. Nilisoma, nikawa wa kwanza kwenye darasa, nikawekwa kwenye banc d'essai, kitanda cha kweli cha kupimia motere, chenye kuta na vioo na saa za kupimia arobaini. Kutoka pale sikuacha kazi hii mpaka nywele zikawa nyeupe. Motere za pistoni, halafu zile za turbine. Nimezipenda zote. Hakuna hata moja niliyoipitisha ikaanguka. Hilo naweza kulisema mbele ya yeyote.

Mwisho wa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilipata likizo, nikaenda Kibabi. Nilivaa suti. Nilikuta Papa Anselme kwenye maharagwe yake, amekonda, mikono imekuwa ya mulimaji. Alifurahi kweli. Nikamwambia nimekuja kutengeneza lile jambo, nitaandika barua kwa kampuni, niseme yote.

"Utamuandikia nani? Yule muzungu alisharudi kwao." Akaketi kwenye tuta. "Niambie motere za kule. Zinalia namna gani?"

Nikamuelezea. Alikuwa anafumba macho vile vile kama zamani. Aliniuliza maswali ambayo hata walimu wangu hawakuniuliza. Tulikaa hivyo mpaka muke wake, Mama Veronika, akaja kumuita kula.

Mama Veronika alikuwa amenilisha miaka mitatu ya kinu. Nikasimama, nikamusalimia kwa mikono miwili. Hakupokea.

Nikamwambia: "Mama, Papa alishanisamehe."

Akanijibu bila kupaza sauti: "Najua. Yeye alikusamehe siku ile ile. Mimi njo nilikuwa nalala naye, nikimusikia anawasha motere na mudomo ndani ya usingizi. Uliongea mbele ya kifo, ukanyamaza mbele ya karatasi."

Akamuchukua muzee wake, wakaingia kula. Mimi nikashuka barabarani kungoja kamio.

Wote wawili wamekufa zamani. Barua ile sikuiandika. Kila mwaka nilikuwa nasema nitaandika, na kila mwaka nilikuwa na motere ya kupima.

Funzo nililolipata si kubwa. Kusema ukweli pale muntu anataka kufa, nadhani wengi wetu tutaweza. Mwili wenyewe unakusukuma. Ugumu iko kwenye chumba kimya, pale ukweli unakunyima wewe tu kitu chako, na kuna muntu muzuri karibu yako yuko tayari kukibeba. Pale mimi nilipimwa, na sikupita.

Nimepita miaka tisini. Watoto wangu wanajua tu kwamba baba yao alikuwa wa kwanza darasani.

Basi wakuu, uwanja ni wenu. Muko na la kunishauri, la kuniuliza juu ya motere, ao la kunisema, andikeni. Kwa yale ya motere nitajibu moja moja. Kwa yale ya Papa Anselme nitasoma tu, sitajitetea.